Ndiyo ya Mama Yule

Mtoto alikuwa na miaka minne, na ngiri iliyomsumbua tangu azaliwe. Mama yake alitoka naye kijijini siku mbili kabla, wakalala kwa ndugu mjini, na alfajiri hiyo wakawa wa kwanza kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Ilikuwa Juni, na huku Nyanda za Juu Kusini baridi ya mwezi huo haina huruma. Mama alimfunika mwanawe kwa kitenge chake, yeye akabaki na sweta jepesi. Miguuni pake palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai iliyojaa uji. Mtoto alikwisha kuiona. Alikuwa anaulilia ule uji tangu kupambazuke.

Mimi nilikuwa mkalimani. Madaktari wa upasuaji walikuwa wageni, wamekuja kwa wiki mbili kufanya kazi pamoja na wenzao wa hapa, nami niliitwa kwa siku hizo kwa sababu watu walinisifia Kiingereza. Nilikuwa nimekwisha kutafsiri ripoti, mikataba na hotuba. Nilidhani maneno ya hospitalini yatakuwa mepesi.

Daktari wa usingizi alichuchumaa mbele ya mtoto, akamchekea, kisha akaniuliza kwa upole: "He hasn't had anything since midnight?" Nikamgeukia mama: "Mama, hujampa chochote tangu saa sita usiku?" Akajibu bila kusita, "Ndiyo, dada." Nami nikamwambia daktari, "Yes."

Daktari akaitazama ile chupa kikapuni. Akasimama, akaandika kitu kwenye faili, akamnong'oneza nesi. Mtoto akatolewa kwenye orodha ya siku ile. Nesi akaniambia nimwambie mama arudi Alhamisi, nami nikamwambia hivyo hivyo. Mama akaniuliza, "Dada, kuna nilipokosea?" Nikamjibu kwamba sijui, labda wagonjwa ni wengi.

Nilijua mchana, tulipokaa kula. Yule daktari alisema, bila hasira yoyote, kwamba anamhurumia mtoto yule, sema mama alikuwa amemlisha. Nikaweka kijiko chini. Nikatoka mbio hadi getini, nikawakuta chini ya mti wakisubiri gari la kurudi kwa ndugu yao. Mtoto alikuwa amekunywa uji na amelala. Nikamweleza mama jambo lilivyokwenda, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mimi nilisema ndiyo."

Ni kweli, alisema ndiyo, na ndiyo yake ilikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unamjibu "Ndiyo, sijala." Unalikubali neno lake jinsi lilivyo. Ukilichambua lenyewe, ndiyo maana yake ni kwamba hayo uliyoyasema ndiyo yenyewe. Mwingereza hafanyi hivyo. "Yes" yake haiangalii umbo la swali, inaangalia tendo: nimekula au sijala. Kama hajala atasema "No", hata kama aliulizwa kwa kukanusha. Kwa hiyo neno ambalo mama alilitumia kumkubalia daktari, mimi nililibeba jinsi lilivyo, nikaligeuza kuwa ungamo la kosa ambalo hakulitenda.

Usiku ule sikulala vizuri, na kilichoninyima usingizi zaidi ni kuligeuza jambo upande wa pili. Mtoto hukatazwa kula kabla ya upasuaji kwa sababu akishalazwa usingizi wa dawa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Sasa mfikirie mama mwingine aliyeshindwa kuvumilia kilio, akampa mwanawe vijiko vitatu vya uji saa kumi alfajiri. Anaulizwa, "Hujampa chochote?" Anajibu kwa ukweli wake, "Hapana," yaani hapana, nimempa. Mkalimani anasema "No." Daktari anasikia kwamba mtoto hajala, anaendelea na kazi. Kwa mama wa kwanza, kosa langu lilimgharimu siku tatu na nauli. Kwa huyu wa pili, kosa lile lile lingeweza kumgharimu mtoto.

Baadaye niliposoma zaidi niligundua kwamba Waingereza wenyewe walikuwa na shida hii. Zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali la kukanusha. Ukiulizwa "Hujala?" nawe umekula, ulisema "yes" ili kumpinga aliyekuuliza. Katika miaka ya 1530 Thomas More alimshambulia kwa maandishi William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa makosa mengi ya imani, na katikati ya ugomvi ule akasimama kumkosoa kwamba ametumia "no" mahali palipotakiwa "nay". Maneno mawili yamekufa, yamebaki mawili yanayofanya kazi ya manne. Katika "yes" niliyomwambia daktari ulikuwemo ule upinzani wa kale, na mimi sikufundishwa hata siku moja kwamba umo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza nilifundishwa nini hasa.

Nilisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa Tanzania tangu serikali ilipoamua hivyo mwaka 1967. Hesabu, jiografia, sayansi, vyote kwa Kiswahili. Januari moja nikaingia kidato cha kwanza, na somo lile lile la usanisinuru nililolielewa vizuri mwaka uliotangulia likarudi kwa lugha nisiyoijua. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili alivalishwa shingoni, naye alikivua kwa njia moja tu: kumsikiliza mwenzake mpaka ateleze, amvalishe yeye. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi watoto wa Kenya ya ukoloni walivyofanyiwa hivyo kwa kusema Kikikuyu. Sisi ilitupata nchi ikiwa huru, tena kwa lugha ya taifa.

Kibao kilitufundisha kunyamaza. Nakumbuka wenzangu waliokuwa waongeaji wakubwa darasa la saba, wakawa mabubu kwa miezi. Nasi tulioendelea kusema, tulisema kwa kutega sikio la hofu. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alijikwaa mlangoni, madaftari yakamwanguka. Mimi nilikuwa dawati la mbele, nikainuka kuyaokota nikisema, "Sorry, teacher." Akanitazama: "Why are you sorry? Did you push me?" Darasa likacheka. Nikaketi, na kwa wiki nzima sikunyoosha mkono.

Nilitaka kumwambia pole. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwona mtu mzima anajikwaa akakaa kimya. Kiswahili kina pole kwa anayeumia na samahani au radhi kwa aliyekosa, maneno mawili yasiyoingiliana kabisa. Kiingereza kina "sorry" kwa yote mawili. Mwingereza humwambia mfiwa "I'm sorry" ingawa hakumuua mtu, na neno lenyewe asili yake imeungana na "sore", yaani maumivu. Lilianza kama neno la mtu anayeumia moyoni, kuomba radhi kukaja baadaye. Wanaijeria na Waghana wanamwambia "sorry" mtu aliyejikwaa, kama sisi. Mwalimu wangu angeweza kutumia dakika mbili kusema: "Mwingereza hapa huuliza kama umeumia, 'Are you all right?', lakini nimekuelewa, na asante." Ningeondoka na maneno mawili mapya badala ya aibu moja.

Baada ya lile la hospitalini nilinunua daftari kubwa la mistari, nikawa naandika kila kosa la Kiingereza ninalolisikia kwetu, langu au la mwingine, na pembeni naandika Kiswahili kilichomo ndani yake. Mpaka leo sijakutana na kosa la mtu mwenye akili timamu lisilokuwa na Kiswahili chake. Mtu anasema "Borrow me your pen" kwa sababu anasema "Niazime kalamu yako", na kuazima kwetu ni kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kwenye fedha tuna kukopa na kukopesha, na hapo mtu ukimwonyesha kwamba "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha, hachanganyi tena. Mtu anasema "I hear a bad smell" kwa sababu sisi tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu. Anayeinuka mezani na kusema "I'm coming" huku anatoka mlangoni anasema "nakuja" yetu, ambayo kila mmoja wetu anajua maana yake ni kwamba naondoka sasa hivi ila msinifungie.

Ukurasa uliojaa kuliko wote ni wa piga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti. Mtoto anayejua kwamba piga ni "beat" atabeba "beat" kila mahali, na kila mahali ataambiwa amekosea bila kuambiwa kwa nini. Nimekaa na watoto wa majirani zangu barazani nikawaonyesha kwamba Kiingereza kimeigawa piga yetu kwa maneno saba tofauti, na kwamba wao hawakuwa wajinga, walikuwa wamebeba neno kubwa kuingia kwenye nyumba yenye milango midogo. Wakaanza kutafuta wenyewe. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniletea kula: kula chakula, kula hela, kula kiapo, kula njama. Kila moja ilitaka neno lake.

Na mara nyingine Kiswahili ndicho kinachokuwa mwalimu. Waingereza wenyewe wanagombana juu ya "less" na "fewer". Sisi tunasema watu wachache na maji kidogo, wala hakuna anayesema watu kidogo. Mwambie mwanafunzi kwamba palipo na chache aweke "few" na "fewer", palipo na kidogo aweke "little" na "less", amemaliza. Anaijua kanuni tangu utotoni. Halafu, kwa anayependa kujua, mwambie pia kwamba kanuni hiyo kwa Waingereza ilianza kama pendekezo tu, katika kitabu cha Robert Baker cha mwaka 1770. Aliandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Waliokuja baada yake wakaligeuza kuwa sheria.

Jambo hili nililijua nikiwa mtu mzima, na lilinipa nafuu kubwa. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba Kiingereza sahihi ni jiwe moja lililoteremka kutoka mbinguni. Kumbe kimepita mikononi mwa watu. "Learn me", ambayo mwanafunzi akiisema leo anapigwa alama ya kosa, ilikuwa matumizi ya kawaida: katika The Tempest, Shakespeare anamfanya Caliban atumie "learn" kwa maana ya kufundisha, tena anapozungumzia jinsi alivyofundishwa lugha ya waliomtawala. Sisemi kwa hiyo mtu aandike "learn me" kwenye barua ya kuomba kazi. Atanyimwa kazi. Nasema anayesahihisha aseme ukweli: leo hawasemi hivi, zamani walisema, wewe sema "teach me".

Kuna makosa ya aina mbili, na nimechoka kuyaona yanatendewa kinyume. Makosa yanayoonyesha tu kwamba mtu amezaliwa kwetu ndiyo yanayochekwa na kuchapiwa viboko. Makosa yanayogeuza maana hupita kimyakimya kwa sababu sentensi yake ni safi. "Yes" yangu haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Ni hivyo hivyo kwa saa. Daktari akisema "at eight", mkalimani aliyechoka anasema "saa nane", na bibi anapewa vidonge vya asubuhi mchana. Hakuna mwalimu yeyote aliyepata kuniambia kwamba saa ya Kiingereza niitafsiri kwa kuhesabu saa sita. Nilitegemewa kujua tu.

Nitaeleza jambo moja zaidi kutoka kwenye daftari langu, kwa sababu linaniuma. Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia masomo aliniletea insha yake ya kidato cha tatu. Waliambiwa waandike juu ya siku wasiyoisahau. Aliandika kifo cha mama yake. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, alivyoamshwa usiku na shangazi, alivyokuta watu wamejaa uani. Kiswahili hakimtengi mwanamke na mwanamume katika kitenzi: amekuja ni amekuja, awe baba awe mama. Kwa hiyo kijana aliandika "My mother was sick for a long time. He died in March." Kila "he" katika kurasa mbili ilizungushiwa wino mwekundu. Chini kulikuwa na alama na neno "careless". Hakukuwa na kitu kingine. Nikamwambia kwanza, "Pole sana, baba." Kisha tukakaa, nikamwonyesha kwamba Kiingereza kinakulazimisha kila mara uamue, mwanamume au mwanamke, na kwamba njia rahisi ni kusoma insha yote upya mara moja ukitafuta jambo hilo peke yake. Alisahihisha "he" kumi na moja mbele yangu, polepole, na kila alipofuta aliandika "she" kwa herufi kubwa kidogo kuliko nyingine.

Adabu nayo ina mitego yake. Nilifanya kazi na wageni waliotuona wakali kwa sababu tulisema "Give me that file." Kwetu heshima ya ombi imo kwenye naomba, imo kwenye mwito unaotangulia, imo hata kwenye sauti: "Dada, nipatie hilo faili." Ukilitafsiri, dada anaachwa nyuma kwa sababu Kiingereza cha ofisini hakimtaki, naomba inaachwa kwa sababu "I beg" inasikika kama ya omba-omba, na kinachovuka ni amri tupu. Wao heshima wameiweka kwenye "could you" na "please". Kwa hiyo kila mfanyakazi mpya anayeniuliza namwambia: ukimwacha dada upande wa huku, mchukue "could you" upande wa kule, usivuke mikono mitupu. Shikamoo sijaipatia neno, na nimeacha kuitafuta.

Sina ugomvi na Kiingereza. Kimenilisha na kimesomesha wanangu, na ninapomwona mtu anakisema vizuri nafurahi. Lakini wote ninaowajua wanaokisema vizuri, Kiswahili chao ni kizuri pia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh, alifasiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Kazi ile haifanywi na mtu aliyefukuza lugha moja ili kuipisha nyingine. Walimu wa lugha, naomba: mtoto akikosea, mwulizeni kwanza alitaka kusema nini kwa Kiswahili, mumwache aseme, ndipo mumwonyeshe njia. Kama kibao bado kipo shuleni kwenu, kitoeni.

Yule mtoto wa ngiri alirudi Alhamisi. Mama alikuja na kikapu kile kile, safari hii bila chupa. Daktari aliniuliza swali lake lile lile, nami sikulitafsiri jinsi alivyolisema. Nilimuuliza mama: "Mara ya mwisho mtoto amekula nini, na ilikuwa saa ngapi?"

"Ugali na maharage," akasema. "Jana saa moja jioni."

Nikamwambia daktari: "Ugali and beans, at seven yesterday evening. Nothing after that." Mtoto akawa wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji, na saa nne asubuhi alikuwa ametoka.